KIVULI CHA WATU: MITI YA MJI NA SHERIA YA MJI

(Mhadhara uliotolewa kwa waumini wa Mkomaindo, Masasi)

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.



Mada hii huenda ikawashangaza baadhi yenu. Tumezoea mihadhara ya Tauhidi, ya sala, ya mirathi na ya ndoa. Leo tunazungumzia miti, tena si miti ya msituni bali miti ya mjini. Na si kuipanda tu, bali kanuni za mji zinazoilinda isikatwe ovyo. Anayeona kwamba jambo hili si la dini, namwomba asubiri kidogo tufike Madina.

Tuanze hapa nyumbani. Anayezijua Masasi na Newala za zamani anajua kuwa ni miji iliyokaa chini ya miembe na mikorosho. Vikao vya ukoo, mizani ya korosho, darasa la kwanza la madrasa kabla halijapata bati, vyote vilikuwa chini ya mti. Sasa tazameni namna mtaa mpya unavyozaliwa. Shamba la mikorosho linaingia katika mipaka ya mji. Anakuja mthamini, anahesabu mti mmoja mmoja, mwenye shamba analipwa fidia. Anakuja mpima, anapanda vigingi. Viwanja vinauzwa. Mnunuzi anafyeka kiwanja chake chote ili fundi apate nafasi ya matofali na mchanga, kisha anajenga nyumba, anazungusha uzio, na ua uliobaki anaumwagia zege ili usiwe na vumbi. Jirani naye hivyo hivyo. Baada ya miaka 10 mtaa mzima hauna mahali pa kuegesha baiskeli kivulini. Hakuna kikao kilichokaa kikaamua kuwa mtaa huo usiwe na mti. Kila mmoja alifanya lake ndani ya haki yake, na jumla ya haki hizo ikawa dhara kwa wote.

Mti uliohesabiwa kwa ajili ya fidia, ukishalipiwa, hakuna anayeuhesabu tena. Hapo ndipo penye pengo, na pengo hilo halizibwi kwa mawaidha peke yake. Huzibwa kwa kanuni.

Dhara lenyewe mnalijua. Mwezi wa Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, chumba chenye bati kisicho na mti upande wa magharibi hakikaliki hadi usiku wa manane. Mgonjwa, mzee na mama aliyejifungua juzi ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda ndani. Nendeni katika hospitali yoyote muwatazame ndugu wa wagonjwa: mahali pao pa kungojea habari njema au mbaya ni chini ya mti. Kisha mvua zikija, maji yanayoteremka kutoka katika milima yetu hii ya mawe inayoizunguka Masasi hayakuti tena majani wala mizizi ya kuyapunguza kasi, yanakuta njia na sakafu. Udongo wa kichanga ukiachwa uchi hukatika na kuwa makorongo. Ndugu zetu wa Newala, ambao mji wao umekaa ukingoni mwa uwanda, karibu na pale panapoitwa Shimo la Mungu (jina ambalo sisi watu wa Tauhidi hulitamka kwa tahadhari), hawahitaji kusomeshwa hatari ya korongo linalotambaa kuelekea kwenye nyumba.

Tena lipo suala la maji. Uwanda wa Makonde una sifa ya pekee: juu hauna mito. Wazee wetu waliishi juu, na mama zetu waliteremka bondeni kuchota na kupanda tena na mtungi kichwani. Mvua ikinyesha juu ya uwanda huzama katika mchanga, ikasafiri chini kwa chini, ikatokeza pembeni mwa miteremko kama chemchemi. Maji ya mradi wa Makonde yanatoka Mitema, bonde la Kitangari. Maji ya bomba yanayofika Masasi na Nachingwea yanatoka Mbwinji, chini ya mteremko wa uwanda huo huo. Kwa hiyo mtu wa Mkomaindo anapofungua bomba ili atawadhe, anatumia mvua iliyozama mahali ambapo bado pana majani na miti ya kuizamisha. Tukiufunika uwanda kwa zege na bati, hatuna hakika ya kuendelea kutawadha kwa raha hiyo.

Sasa tuingie Madina.

Mtume (S.A.W.) alipoufanya mji wa Madina kuwa mtukufu, hakuishia kukataza kumwaga damu ndani yake. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, aliweka mipaka, na ndani ya mipaka hiyo akakataza kukata miti yake. Katika mapokezi ya Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) tunasoma kuwa maili 12 kuuzunguka mji zilifanywa kuwa hifadhi. Zingatieni jambo hili vizuri. Leo wataalamu wa mipango miji wanapozungumzia kuuzungushia mji ukanda wa kijani, tunadhani ni elimu iliyotoka Ulaya. Karne 14 zilizopita mji wa Mtume (S.A.W.) ulikuwa na mpaka unaojulikana, katazo linalojulikana, na watu wanaolisimamia.

Na walilisimamia kwelikweli. Muslim amepokea kisa cha Saad bin Abi Waqqas (R.A.), mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Alikuwa njiani kwenda kwake Al-Aqiq, akamkuta mtumwa anakata mti au anapukutisha majani yake ndani ya mpaka. Akamnyang'anya alivyokuwa navyo. Mabwana wa yule mtumwa wakamfuata Saad kumwomba arudishe, akakataa katakata, akisema kuwa hawezi kukirudisha kitu ambacho Mtume (S.A.W.) amempa haki ya kukichukua. Wanazuoni wengi hawakuifanya adhabu ile kuwa hukumu ya kudumu kwa kila zama, na Mahanafi wana maelezo yao kuhusu Madina. Lakini kuhusu miti ya asili ya Haram ya Makka, sisi tuliosoma vitabu vya Shafii tunajua kuwa fidia imetajwa kwa ukubwa wa mti: mti mkubwa ng'ombe, mdogo mbuzi au kondoo. Sheria iliyotofautisha mti mkubwa na mdogo, na kuutoza kila mmoja thamani yake, ni sheria iliyofikiriwa.

Haikuwa sheria isiyosikiliza, vilevile. Siku ya ufunguzi wa Makka, Mtume (S.A.W.) alipotangaza kuwa mimea ya Haram isikatwe, ami yake Al-Abbas (R.A.) alimwomba auache mmea uitwao idhkhir, kwa kuwa watu wanauhitaji kwa nyumba zao na makaburi yao. Akakubali pale pale. Katazo likabaki, na haja ya kweli ya watu ikapewa mlango.

Yuko atakayesema: mbona Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliamrisha mitende ikatwe ulipojengwa Msikiti wake? Ni kweli, na imo katika Bukhari kutoka kwa Anas (R.A.). Sikifichi kisa hiki, kwani ndicho kinachotufundisha zaidi. Kiwanja kile kilikuwa na makaburi ya washirikina, magofu na mitende. Kwanza aliwaita wenyewe, Banu Najjar, wataje bei yao. Hakuingia katika ardhi ya mtu kwa mabavu. Pili, mitende ilikatwa kwa haja iliyokuwa wazi. Tatu, magogo yake hayakutupwa wala kuchomwa mkaa, bali yalipangwa upande wa kibla cha Msikiti. Na mnajua habari ya gogo la mtende alilokuwa akiliegemea katika hotuba, namna lilivyolia lilipoachwa kwa ajili ya mimbari, na namna alivyoteremka akaliwekea mkono mpaka likatulia. Mwenye moyo ule hakati mti kwa kuwa tu umeangusha majani juu ya bati.

Hivyo hatusemi kuwa mti haukatwi. Tunasema haukatwi bila haki. Abu Daud amepokea onyo kali la Moto kwa mwenye kukata mti wa sidr, ambao sisi tunauita mkunazi. Alipoulizwa maana yake, alieleza kuwa ni yule aukataye mti wa jangwani unaowapa kivuli wasafiri na wanyama, aukate bure, kwa dhulma, bila haki aliyonayo. Angalieni mambo mawili aliyoyaangalia: nani ananufaika na kivuli, na mkataji ana haki gani. Afisa wa mji anayepokea ombi la kukata mti angeanza na maswali hayo hayo.

Kabla sijafika kwenye sheria za nchi, niliseme jambo linalotuhusu sisi wa harakati hii hasa. Baadhi ya miti mikubwa iliyobaki katika maeneo yetu, mibuyu na mikuyu, ilibaki kwa sababu watu waliiogopa. Palifungwa vitambaa, palimwagwa unga, palitajwa mizimu. Da'awa ya Tauhidi ilipofika, wapo vijana wenye ghera walioshika shoka, na hoja yao ni Umar bin Al-Khattab (R.A.). Imepokewa kutoka kwa Naafi' kwamba Umar aliamrisha ukatwe mti ambao watu walikuwa wakiuendea kusali wakidhani ndio mti wa Baiatur-Ridhwan. Naafi' hakumdiriki Umar, na katika Bukhari tunasoma kauli ya Ibn Umar kuwa waliporejea mwaka uliofuata hawakukubaliana hata wawili juu ya mti wenyewe. Lakini tuchukue kuwa habari ile imethibiti. Umar alikata mti mmoja, kwa fitina iliyokuwa inaonekana, akiwa ni kiongozi mwenye mamlaka. Huyo huyo Umar ndiye aliyehifadhi malisho ya Sharaf na Rabadha kwa maslahi ya Waislamu. Mbuyu usioabudiwa na mtu tena, unaowapa kivuli wauza ndizi, hauna kosa lolote la itikadi. Shirki huondolewa moyoni kwa elimu. Na inasikitisha kwamba mti uliolindwa kwa miaka 100 na hofu ya batili, ukose kulindwa na wenye haki kwa miaka 10.

Sasa nchi yetu. Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji vya namna hiyo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka mtu apate idhini ya mamlaka ya upangaji kabla ya kuendeleza ardhi katika eneo lililopangwa, na idhini hiyo inaweza kuambatana na masharti. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zinazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, na wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni yao kabla hazijaidhinishwa. Zipo pia kampeni: kila halmashauri imewekewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na Dodoma ilizinduliwa kampeni ya kuufanya mji uwe wa kijani mwaka 2017, Serikali ilipokuwa ikihamia huko.

Kampeni ni jambo jema, ila nina neno nazo. Miche huhesabiwa siku ya kupandwa. Haihesabiwi Oktoba, jua limekwishafanya kazi yake na mbuzi wamekwishafanya yao. Mche ni ahadi, mti ni amana iliyopo mkononi. Mwembe wa miaka 60 ukiangushwa, huwezi kuulipa kwa miche 10 iliyofungwa katika mifuko ya plastiki. Watakaoupata ule ubaridi ni wajukuu, kama miche itapona. Ndiyo maana kulinda kunatangulia kupanda.

Na kulinda kunawezekana hata palipo na fedha nyingi. Mwaka 1989, Nairobi, Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru. Alidhihakiwa hadi bungeni, lakini jengo halikujengwa na bustani ipo. Mwaka 2020, katika jiji hilo hilo, mkuyu mmoja mkubwa wa miaka mingi, ambao Wakikuyu huuita mugumo, ulikuwa njiani mwa barabara mpya ya juu. Watu walipaza sauti, ikatoka amri ya serikali mti uachwe, na barabara ikajengwa mti ukiwa umesimama. Sisi hatuitaki itikadi inayofungamanishwa na mugumo. Tunachokitaka ni fundisho la kihandisi: barabara inaweza kupinda kidogo.

Jambo hili linatugusa moja kwa moja, kwani barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi, yenye urefu wa kilomita 210, inajengwa kwa lami kwa awamu. Lami ni neema, na waliolala njiani na wagonjwa wakati wa masika wanaijua thamani yake. Lakini hifadhi ya barabara kwa sheria ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na si kila mita ya hizo 30 inahitaji kufyekwa siku ya kwanza. Miembe ya kandokando inayoweza kubaki ibaki. Ikibidi kukatwa, mkataba useme nani atapanda mingine, wapi, na nani ataimwagilia kwa misimu miwili ya kiangazi.

Tuiombe nini Halmashauri ya Mji? Kwanza, ramani ya viwanja vipya ioneshe miti mikubwa iliyopo kabla vigingi havijapandwa, na mpima apewe ruhusa ya kuupisha mti kwa kusogeza mpaka au njia. Hili peke yake lingeokoa mengi, kwani baada ya kiwanja kuuzwa tumekwishachelewa. Kibali cha ujenzi kiwe na sharti la miti, mmoja au miwili kwa kiwanja cha kawaida, na mkaguzi aiangalie anapokuja kuangalia msingi. Maeneo ya wazi yaliyochorwa kuwa ya wazi yabaki hivyo, yasigeuke fremu za maduka usiku mmoja. Na mti wa mtaani wenye umri usikatwe bila kibali chenye sababu iliyoandikwa.

Lakini nawatahadharisha kuhusu uadilifu. Bukhari amepokea wasia wa Umar (R.A.) kwa Hunayy, msimamizi wa hifadhi yake. Alimwamuru aogope dua ya aliyedhulumiwa, amruhusu mwenye vingamia vichache na mwenye vikondoo vichache aingie, na awazuie Ibn Auf na Ibn Affan, matajiri wale, kwa kuwa wao mifugo yao ikifa wana mashamba na mitende ya kurudia. Sheria ndogo ya miti ikiwa itamtoza faini mama ntilie aliyevunja tawi la kuni, na kumwachia mwenye kituo cha mafuta aliyeng'oa miembe 4 kwa barua moja, basi hiyo si hifadhi, ni dhulma iliyovikwa majani. Mwenye kiwanja kidogo aruhusiwe kupanda mti wake kandokando ya njia, asilazimishwe kuupanda katikati ya ukumbi.

Zipo hoja za wenye nyumba, nazo ni za kweli. Mizizi huvunja msingi na karo. Popo hula maembe usiku na watoto hutupa mawe mchana. Dini yetu haina kudhuru wala kudhuriana, na Abu Daud amepokea kisa cha Samura bin Jundub, aliyekuwa na mtende ndani ya bustani ya mwenzake. Alikuwa akimuudhi mwenye bustani kwa kuingia, akaambiwa auze, abadilishe, au atoe zawadi, akakataa yote, hadi Mtume (S.A.W.) akamruhusu mwenye bustani aung'oe. Wanazuoni wamezungumzia sanadi yake, ila maana yake inakubaliana na kanuni. Basi mkuyu usipandwe hatua 3 kutoka ukutani, wala mkaratusi karibu na chemchemi, maana unakunywa sana. Mwarobaini, mkungu na mkwaju inajulikana nafasi inayohitaji. Waulizeni maafisa misitu. Wapo na wanalipwa kwa kazi hiyo.

Nimalizie na milango yetu wenyewe, kwani Halmashauri itatuuliza. Tazameni misikiti mingi inayojengwa siku hizi. Mfadhili akileta fedha, tunajenga kutoka kigingi hadi kigingi. Uwanja wote vigae. Siku ya Ijumaa wanaokosa nafasi ndani wanasali juani, na mbele ya Msikiti wa Mtume (S.A.W.) palikuwa na bustani ya Bairuha ya Abu Talha (R.A.), ambamo Mtume alikuwa akiingia na kunywa maji yake matamu. Ikitokea maiti, Sunna inataka maji yenye sidr, na vijana wanatumwa mtaa wa tatu kutafuta mkunazi. Kila msikiti ungekuwa na mkunazi wake, tungepata kivuli cha walio hai na majani ya kuoshea maiti. Maji ya udhu yanayopotea mferejini ni tohara, hata kama hayatawadhiwi tena kwa madhehebu yetu. Mfereji mmoja wa matofali kutoka kwenye mabomba hadi kwenye shina unatosha kuuvusha mche kiangazi. Na tukitawadha kwa kiasi, kama Mtume (S.A.W.) aliyetosheka na mudi moja, kibaba kisichofika lita, hata hayo yatabaki.

Kamati za misikiti ya Mkomaindo naziomba zifanye kazi tatu kabla ya mvua za Desemba. Zichore ramani ya viwanja vyao vya wakfu, na kila mti uliopo uandikwe katika daftari la wakfu kama inavyoandikwa mikeka na vipaza sauti, usikatwe ila kwa kikao. Ziandae mashimo sasa, ardhi ikiwa kavu, na kuyajaza samadi, ili mvua ya kwanza isipotee. Na ziteue watu wawili, mmoja mzee anayekumbuka miti ilikuwa wapi na mmoja kijana anayeweza kusoma sheria, waende kwa diwani kuuliza tarehe ya kikao cha kamati ya mipango miji, na waende wakiwa na maombi haya yameandikwa kwa karatasi. Wenzetu wa Newala nao wafanye hivyo kwao, kisha tukutane tulinganishe majibu.

Wabillahi tawfiq.